Kisigino Changu na Jino la Mercy

Jumanne, 2 Februari 2016
Mateke ya kushusha, mguu wa kulia, mpaka Kocha Kato achoke yeye. Unainua mguu juu ya kichwa cha mtu, unamshushia kisigino. Ndilo teke langu. Hakuna msichana wa klabu yetu ya mateke pale Al Quoz anayependa likimjia. Leo kila nikitua, msumari. Kisigino kwanza, kisha kifundo. Mwaka jana kiliuma hivihivi, kikaacha. Sasa kimerudi. Kocha aliuliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa. Mwongo mkubwa mimi.

Ijumaa ya wiki ijayo anachaguliwa wa kwenda mashindano Abu Dhabi. Uzito wetu una nafasi moja. Mimi au Mercy. Mercy ni rafiki yangu tangu darasa la tatu, Mtanzania, mama yake anafanya kazi hotelini. Nitamponda.

Alhamisi, 4 Februari
Nimeshuka kitandani nikaanguka. Asubuhi kisigino hakitaki sakafu kabisa. Nimeupiga mlango wa bafu ngumi. Mlango umeshinda.

Ijumaa, 5 Februari
Kifundo kimepinda mazoezini. Mercy aliona. Chooni akasema, "Rahma, unachechemea. Mi namwambia kocha." Nikamkaba koo, nikamgandamiza ukutani. Nikamwambia akisema nitamng'oa meno. Hakujitetea. Alinitazama tu, machozi yanamlenga. Nilijisikia vizuri mpaka nilipoingia kwenye gari la baba. Usiku sikula.

Jumapili, 7 Februari
Nimekamatwa. Kilichonikamatisha ni swala. Kwenye kikao cha attahiyatu mguu wa kulia unatakiwa usimame kwa vidole, kisigino juu. Sikuweza. Nikautupa pembeni. Mama alipotoa salamu za kumaliza swala akanigeukia: "We Rahma, tangu lini waketi kama nyanyako?" Nikasema uvivu. Nyanya, ambaye husali kwenye kiti kwa sababu ya magoti, akasema, "Si uvivu. Mtoto yuaumwa huyo."

Beseni, maji moto, chumvi. Nyanya alikanda mpaka nikapiga ukelele. Nikalipiga beseni teke. Zulia lote maji. Mama akanizaba kofi. Nilistahili. Bado nina hasira naye.

Jumatano, 10 Februari
Daktari amebonyeza kisigino pande zote mbili. Nilitamani kumng'ata. Anasema kwa miaka yangu kumi na tatu mfupa wa kisigino bado unakua, na mshipa mnene wa nyuma unauvuta kila nikiruka. Kifundo kinalegea kwa sababu nakanyaga vibaya kukwepa maumivu. Maumivu yanakuja, yanakwenda, yanarudi. Hakuna mateke mpaka kisigino kiache kuuma. Barafu, si maji moto. Nyanya kanuna. Mama kafurahi, eti nakua. Nachukia kukua.

Ijumaa, 12 Februari
Nilimwambia baba naenda kumtazama Mercy tu. Nguo za mazoezi nilivaa ndani ya abaya. Kocha hakujua habari za daktari.

Raundi ya kwanza nilimpiga Mercy mbavu, nikasikia pumzi ikimtoka. Tamu. Ya pili nikamwangusha. Kisha nikaona. Mercy haugusi mguu wangu wa kulia. Kila ulipobaki wazi, alipiga kwingine. Ananihurumia! Mbele ya watu! Damu ikanichemka. Kocha akasema, "Khalas, basi, mwisho." Mercy akatoa kinga ya meno, akafungua mdomo aseme kitu. Nikainua mguu nikamshushia kisigino mdomoni.

Jino lilitoka. Damu kwenye mkeka, damu kwenye vidole vyangu. Lakini aliyepiga mayowe ni mimi. Nilijikunja nimeshika kisigino, na yeye anapapasa mkeka akitafuta jino lake.

Kocha Kato alinifungua mkanda kwa mikono yake. "Wewe hapa usirudi."

Jumatano, 2 Machi
Mercy amekuja na mama yake. Abu Dhabi alikwenda yeye, akatolewa mapema. Kinga haikumkaa vizuri kwenye ufizi uliovimba. Mama zetu walikwenda jikoni. Mercy akaketi sakafuni karibu na mguu wangu, akauliza kama kisigino bado kinauma. Nikasema kinauma. Nikamwomba radhi, sauti ikatoka ndogo. Akasema sawa, lakini hakunitazama.

Nikamuuliza siku ile alitaka kusema nini.

"Nilitaka kusema twende tukale shawarma."

Sasa neno hilo linamtoka na upepo, kwenye pengo.

Walipoondoka ikaadhiniwa magharibi. Mama alikuwa ameniwekea kiti cha plastiki kando ya kile cha nyanya. Wiki zote hizi nimekuwa nakirudisha jikoni. Leo nimekikalia. Nyanya alisogeza chake kidogo, tukasali.