Milioni Moja na Tatu

Neiafu, Vava'u

Mdogo wangu Sateki,

Salamu zako za Auckland zimefika. Viazi vikuu tumeshapanda. Baba tumemzika, ila hasira yangu sijaizika.

Unaijua namba yake, 1,000,003. Mwaka mzima aliigawa kwa kila namba, ikamgomea. Ilikubali moja na yenyewe tu. Niliichora pembeni mwa ngatu, nguo ya magome ya kutandika chini ya jeneza.

Shangazi Lupe akaiona. "Tatu? Kitu cha heshima kinahesabiwa jozi jozi, kama viazi. Unataka kaka yangu aonekane kapungukiwa?"

Akabandika kiraka cha gome kwa uji wa muhogo, akachora nne juu yake. Sasa hata mtoto anaigawa kwa mbili.

Nani humpinga shangazi kwenye msiba wa kaka yake? Baada ya mazishi akaichukua nguo, ni haki yake, akaikata katikati. "Unaona inavyogawanyika vizuri?"

Nusu yenye namba amekutengea wewe, maana hukuja. Huko shangazi hakuoni. Kiloweshe kile kiraka, ukibandue. Tatu ya baba iko chini yake.

Dada yako,
Meleane