Senene wa udongo

Buhembe, Jumanne

Wifi yangu Adela akisifia kazi yangu, kuna jambo. Asubuhi alikishika kile kikombe changu cha udongo, ambacho bado hakijachomwa, akauliza nimebandikaje miguu na mabawa ya wale senene watatu, panzi wetu wa kuliwa, niliowafinyanga ubavuni mwake. Nikamweleza yote, mjinga mimi.

Niliporudi kutoka shambani, senene hawakuwa na mguu wala bawa. Vyote vilikuwa vimerundikwa kwenye jani la mgomba, mbele ya mama mkwe.

"Nimekunyonyolea senene wako," akasema. "Mbona watatu tu?"

Haoni vizuri, simlaumu. Senene akimfika mkononi, yeye anawaza kumnyonyoa miguu na mabawa na kumtia kikaangoni tu. Lakini kikombe nilikiacha juu kabatini.

Nikamuuliza nani alimpa.

"Adela. Alisema umeomba nikusaidie."