Foleni Ndani ya Swichi

Machakos Mjini,
14 Mei 2009

Kwako kaka Muli,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe, Nzilani na watoto hapo Kola hamjambo, na kwamba mahindi yamepata mvua. Mimi ni mzima wa mwili, ila watu wamenichosha roho.

Uliniuliza kazi yangu hapa hospitalini ni gani hasa. Natunza swichi, kisanduku kinachopitisha mawasiliano ya simu na kompyuta zetu zote. Barua pepe ikingoja kidogo hakuna anayejua, lakini sauti na video zikingoja hukatikakatika. Basi niliipanga swichi ili chumba ambamo wagonjwa huongea kwa video na daktari wa moyo aliye Nairobi kitangulie, wengine wafuate.

Kaka, nilijitafutia balaa. Mhasibu alikuja kudai kompyuta yake itangulie. Mapokezi nao wakanuna. Mkurugenzi, Bwana Gikonyo, akaniita akasema mkubwa hawezi kupanga foleni nyuma ya mtu yeyote, kumbe alikuwa anatazama mpira kwenye kompyuta yake. Nilieleza mpaka koo likakauka kwamba wote wakitangulia, hakuna aliyetangulia. Akaniamuru niwaweke wote mbele, nikawaweka.

Sasa tulia nikuambie. Mwezi uliopita mama hakuja kunitembelea tu. Alikuja kwa ajili ya presha, akanikataza kukuambia. Siku hiyo picha iliganda, maneno yake yakafika Nairobi vipandevipande. Daktari akaona presha haishuki, akadhani dawa imeshindwa, akaiongeza maradufu. Nilijifungia chooni nikalia kwa hasira.

Juzi mama alirudi. Kabla hajaketi nilikwenda kwenye swichi nikawaondoa wote mbele, nikianza na mkurugenzi. Sauti ikawa safi kabisa. Daktari akamuuliza taratibu jinsi anavyomeza dawa zake, naye akajibu bila wasiwasi wowote: "Mimi nakunywa ya jioni. Ya asubuhi nampea Kamanthe, yeye pia anasikia kizunguzungu."

Kamanthe, jirani yetu wa ng'ambo ya shamba! Nimegombana na ofisi nzima, kumbe mama anagawa vidonge kama anayegawa chumvi. Daktari amefuta ile dozi mpya na kumwonya sana. Tafadhali simamia ameze zote mwenyewe, na umpeleke Kamanthe kliniki apimwe, apate dawa zake.

Kesho nimeitwa kwa mkurugenzi kujieleza. Nikifukuzwa, usimwambie mama sababu, maana atakuja kumwomba msamaha kwa niaba yangu. Hapa kila mtu amenikaba nimweke mbele. Mama alipotoka mle chumba cha video, kitu cha kwanza alichoniuliza ni kama nimekula. Nilikuwa sijala tangu asubuhi.

Wasalimie Nzilani na watoto, na mama mshike mkono kwa niaba yangu.

Ni mimi dadako,
Mueni