Koo la Lori la Pili

Mtani wangu Maganga,

Mwangaluka. Usijisumbue kujibu. Hata ulipokuwa hai salamu yangu uliijibu nusu, nusu nyingine ukaimeza na ugali.

Nakuandikia kwa penseli ya seremala, kwa mwandiko ule ule uliokuwa ukiucheka, ukisema kuku wangu wanaandika vizuri kuliko mimi. Nawe hukujua kusoma hata jina lako, kwa hiyo barua hii ni hasara tupu. Lakini nimwambie nani? Tangu tukufukie, hapa Nyasubi sina mtu wa kutukanana naye. Vijana wote wananipa shikamoo. Shikamoo asubuhi, shikamoo jioni. Mtu anaweza kufa kwa heshima.

Kwanza nikupe habari za mazishi yako, maana ulilala tu. Utani wangu niliufanya kama inavyotakiwa, mimi Mzaramo sikukuangusha. Kaburi lilipokwisha kuchimbwa nikashuka, nikalala chali humo ndani, nikasema huyu mvivu haingii mpaka nipewe jogoo. Wajomba zako wakacheka. Mkeo Mama Shija akacheka huku analia. Jogoo nikapewa, nikamla siku ile ile, mgumu kama mwenye mji. Nilikutania vizuri njia nzima mpaka nyumbani. Nyumbani nikafunga mlango, nikakaa kitandani, na viatu miguuni. Basi. Hayo mengine sikuambii, utanicheka.

Kilichoniandikisha barua ni lori. Salumu mwenye duka, yule yule mwenye tumbo, amenunua lori la pili.

La kwanza unalikumbuka. Lilikuwa likitoa vyuma stesheni ya Shinyanga kupeleka kwenye dhahabu ya Geita, na kila likifika ule mwinuko wa kuingilia Segese linakohoa, linasimama, vibarua wanashuka kulisukuma. Wewe ndiye uliyesema, "Mtani, hili gari petroli linashiba, linalokosa ni pumzi." Tukafungua kabureta, tukachungulia koo lake, ile njia ambamo hewa hupita kwenda kukutana na petroli. Jembamba, na ndani lina vinundu kama ngozi ya kenge. Nikashika tupa ya mviringo, kwa mkono huu uliofundishwa karakana ya reli Tabora, nikalipanua na kulilainisha mpaka likawa kama ndani ya kibuyu.

Kumbe mafundi wawili wazee tumesahau kipepeo! Kile kisahani kinachosimama katikati ya koo, ukikanyaga mafuta kinafunguka, ukiachia kinaziba. Koo limepanuka, kisahani ni kile kile, kitaziba nini? Nawe bila kungoja ukawasha, ukatoka mbio kwenda kujionyesha sokoni. Mguu ukautoa, injini ikazidi kunguruma. Wauza samaki wa Chato wakatupa matenga wakakimbia. Mimi nyuma napiga kelele, "Zima, Msukuma wee, zima!" Nawe unanijibu, "Halitaki!" mpaka ukagonga kichuguu, kikakuzimia.

Tukakata kipepeo kipya kwenye bamba la shaba la mkanda wangu wa vitani. Tangu siku ile suruali yangu nafunga kwa kamba. Lakini lori lilipanda Segese na mzigo wake wote, hakushuka mtu. Ulisimama juu ya magunia ukaimba, na sauti yako ilivyo mbaya.

Sasa Salumu kaja na hili la pili. "Mzee Kibwana, lifanyie kama mwenzake. Ijumaa linapakia vyuma vizito vya Geita, na vibarua juu."

Nikasema haya. Nikafungua kabureta, nikaiweka mezani, nikashika tupa. Nikapiga mara moja, nikageuka kulitazama sanduku lako, lile la spana ulilokuwa ukilikalia.

Unajua kazi ilivyokuwa. Mkono wangu, sikio lako. Mimi napiga tupa kidogo, tunairudisha kabureta, tunawasha, wewe unauma kijiti, ncha ya pili umeigusisha kwenye injini, macho umefumba kama mtu anayeonja mchuzi. "Bado, mtani." Nafungua tena, napiga tena. "Bado." Hadi ile siku unasema, "Acha!" nami naacha papo hapo, hata tupa ikiwa hewani. Maana koo likizidi kupanuka hakuna tupa ya kulirudisha. Na masikio yangu wayajua, yaliisha kwenye mabehewa na nyundo. Siku hizi nasikia radi, na Mama Shija akikasirika.

Nililitazama lile sanduku. Nikaiweka tupa chini.

Ndipo nikafanya uhuni. Nikachukua majivu na ndimu, nikaisugua ile kabureta ndani na nje mpaka ikang'aa kama meno ya bibi harusi. Sikupunguza hata unywele wa chuma. Nikaifunga mahali pake, nikamwita Salumu. Kalichukua lori tupu, bila mzigo, kaenda hadi Segese na kurudi. Karudi jasho linamtoka kwa furaha. "Mzee! Limekuwa simba! Hata mlio umebadilika!"

Nilicheka. Maganga, nilicheka mpaka nikashika meza. Nikageuka nikukonyeze.

Sanduku, na tambara lako la mafuta juu yake.

Sikujua kama kicheko kinaweza kugeuka vile mdomoni. Salumu akafikiri nalia kwa kusifiwa, akanipa pole.

Siku mbili sikula vizuri. Lori tupu hata mbuzi angelivuta. Vyuma vikipakiwa litakohoa pale pale, na likirudi nyuma na watu juu? Mimi nimedanganya wanawake, nimedanganya makarani, wewe nilikudanganya kila siku. Mlima sijapata kuudanganya. Asubuhi ya Jumatano nikaenda dukani nikamwambia yote, majivu na ndimu.

"Mzee, umenifanya mtoto?"

"Nimekufanya mtoto, ndiyo. Nipe leo na kesho."

Akafunga daftari lake la madeni. Kisha akasema, "Haya, chukua. Lakini nani atakusikilizia?"

Hilo ndilo swali. Nilirudi nalo njiani kama mzigo wa kuni.

Nikapanua kidogo, nikairudisha, nikawasha. Nikachonga kijiti, nikakiuma kwa meno yangu matatu yaliyobaki, nikagusisha kwenye injini. Mwizi wewe! Miaka yote hiyo nasifu masikio yako mbele ya watu, kumbe hayakuwa masikio! Ni taya! Ule mtetemo unapanda na kijiti, unakuja kugonga kwenye mfupa, hata kiziwi anaupata. Ungeniambia ungepungukiwa nini? Au ulijua kuwa ukiniambia sitakuhitaji? Mpumbavu. Ningekuhitaji tu. Ningetafuta sababu nyingine.

Nikafungua, nikapiga tupa, nikarudisha, nikauma. Jumatano nzima, na leo Alhamisi mpaka alasiri. Kipepeo nimekikata mapema safari hii, kwenye kitasa cha shaba cha mlango wangu, nao sasa haufungi. Mwanzo taya lilikuwa linarushwa kama niko kwenye mkokoteni. Baadaye mtetemo ukaanza kutulia. Mara ya mwisho ukawa laini, sawasawa, kama paka aliyelala tumboni mwa mtu. Nikaacha. Kama hapo ndipo wewe ungesema acha, sijui. Huenda nimewahi, huenda nimepitiliza. Hakuna wa kunibishia, na kutobishiwa ni kubaya kuliko nilivyodhani.

Kesho naondoka nalo. Nimemwambia dereva nitakaa juu ya vyuma, na pale kwenye mwinuko asisimame kunishusha. Kama nimekosea, nikosee nikiwa juu yake mwenyewe, si mtoto wa mtu peke yake.

Nakuahidi hivi, mtani: haitatoka kabureta mikononi mwangu ambayo sijaiuma. Na mwaka ukigeuka nitapita kwako nipalilie majani, nikutukane kidogo mbele ya mkeo.

Lala salama, mvivu. Tukivuka Segese nitageuka nitafute wa kumwambia, nimkose, niseme peke yangu kwa sauti: limepanda. Vibarua watasema mzee kachanganyikiwa. Waache waseme.

Mtani wako,
Kibwana