Kengele iliponyamaza

Mujukuu wangu Asha,

Salamu zikukute Goma. Huku Kindu tuko wazima. Mujomba wako amefika na treni, amekonda lakini anacheka. Unaniuliza kama shule itamuweza mutoto wako asiyesikia.

Zaina, rafiki yangu wa utoto, naye hakusikia. Mama yake, mwalimu na sisi wanafunzi tulikaa pamoja, tukatunga alama za mikono: njoo, andika, nina kiu. Vita ilipokuja, kengele ikakatazwa, isije ikaita askari. Basi shule nzima ikaongea kwa mikono, na Zaina njo alikuwa mwalimu wetu.

Mupeleke, mama. Mpaka leo, yeye akiwa ndani ya mutumbwi katikati ya Lualaba na mimi ukingoni, tunapeana habari zote. Wenye masikio wanapiga kelele tu, hawasikilizani.

Bibi yako