Nerimina wa Msimu wa Pili

Jumatatu, 3 Machi

Leo muvi ya Kinaijeria. Mama mkwe mchawi. Kuitazama huku mama mkwe wako mwenyewe amekaa pembeni anachagua maharage si mchezo. Kila mchawi alipotoa kibuyu mimi nilikohoa. Yeye wala. Alicheka mpaka maharage yakamwagika chini.

Muvi yenyewe mbovu. Nusu nzima watu wanapanda ngazi na kushuka ngazi. Muziki unazidi maneno. Nimeipa D, na hapo nimehurumia.

Likizo ya uzazi ina raha zake, nisiseme uongo. Sisahihishi madaftari. Nanyonyesha, nakunywa uji wa ulezi, natazama muvi. Elias, mume wangu, kila akitoka Rungwe Mpya kununua maharage anapita sokoni hapa Kasulu kujaziwa flashi. Anachagua kwa picha ya juu. Ndiyo maana tunaona tunayoyaona.

Jumatano, 5 Machi

Bongo muvi. Mke anateswa, mke analia, mke anasamehe. Ile ile, wamebadilisha sofa tu. Mama, yaani huyu mama mkwe wangu, alichoka kabla yangu, akaenda kuchochea moto.

Mama amekuja kutoka Nyabibuye kunilea uzazi. Kirundi ndicho chake, Kiha cha majirani zake, na hivyo viwili ni ndugu. Kiswahili chake ni cha sokoni. Mimi Mnyaturu wa Singida niliyeletwa huku na ajira ya ualimu, na cha kwao nimeokota maneno ya kuombea chumvi. Tunaelewana kwa mikono. Sasa na kwa muvi.

Jioni Elias kaleta tamthilia ya Kituruki, sauti zimewekwa za Kiswahili. Msimu wa kwanza wote. Yule msichana wa jikoni, Nerimina, anajua kuigiza. Macho tu yanatosha.

Ijumaa, 7 Machi

Hatujafanya kitu kingine. Samaki wetu wa migebuka wameungua, mawese yamekauka sufuriani, tumekula hivyo hivyo.

Nerimina ni mtoto wa kambo. Analala jikoni, anapigwa, ananyimwa chakula, anasingiziwa wizi wa pete. Dada yake ndiye mpendwa wa nyumba: mzuri, mpole, sauti ya asali. Nerimina hasemi kitu. Anatazama tu. Mama anamwonea uchungu kama ndugu yake. Nampa B+. A ningeitoa kama mvua ya kwenye dirisha isingekuwa ya bomba. Inaonekana kabisa.

Jumapili, 9 Machi

Mtoto atapelekwa kanisani tarehe 23 kuwekwa wakfu. Siku hiyo jina litatajwa mbele ya watu. Kwao jina la mjukuu ni la babu kutoa. Babu alishafariki, kwa hiyo Elias amempa mama yake haki hiyo. Aliniuliza kwanza. Nikakubali.

Nimekubali kwa sababu mimi siwezi kuchagua. Wa kwanza nilimchagulia mwenyewe. Alikaa nasi siku chache tu. Hilo nimeliandika, basi, yatosha.

Jumatano, 12 Machi

Msimu wa kwanza umeisha. Nerimina katoka kwenye ile nyumba na kimkoba kimoja, mvua ya bomba ikimnyeshea. Nimelia. Mama hakulia. Alimnyanyua mtoto, akamtazama sana, akasema, "Huyu ni Nerimina."

Mwanzoni nilistuka. Mturuki kaingiaje ukoo wa watu wa Nyabibuye? Lakini nikalisema polepole na jina la baba yake. Linapendeza. Msichana mvumilivu, mwema, asiyelipiza. Kuna watoto darasani kwangu wana majina ya magari. Hili ni afadhali sana. Nimefurahi.

Jumamosi, 15 Machi

Elias kaleta msimu wa pili. Mama alikuwa mazoezi ya kwaya. Sikuweza kungoja. Nikaweka.

Heri ningengoja.

Nerimina karudi. Kavaa vizuri, anatabasamu. Kamtilia dada yake sumu kwenye chai. Yule mpole, mwenye sauti ya asali, kafa na kikombe mkononi. Kisha Nerimina kachoma ghala, kamfungisha baba yake jela, kachukua kiwanda. Na bado sehemu ni nyingi.

Mwanangu ataitwa jina la muuaji.

Jumatatu, 17 Machi

Elias anasema ni jina tu. Mwanamume! Haendi yeye kukaa na walimu wenzangu wakati wa chai. Kasulu nzima inatazama tamthilia hii. Mtoto ataanza shule, wenzake watakataa hata maji ya mkono wake. Nawajua watoto. Nalipwa mshahara kwa kuwajua.

Kumwambia Mama moja kwa moja siwezi. Haki nimeshampa, na mkwe hampokonyi mama mkwe alichompa. Lakini nina akili. Nitamwekea msimu wa pili. Aone mwenyewe. Hakuna bibi duniani atakayeona kile kikombe cha chai kisha ambandike mjukuu wake jina lile. Atalibadilisha mwenyewe, nami nitakuwa sijasema neno.

Nisijisifu, lakini ni mpango mzuri.

Jumanne, 18 Machi

Umeme hakuna kutwa. Mvua kubwa. Mama ameshaanza kumwimbia mtoto, na jina limeingia kwenye wimbo. Jirani kaja na mkungu wa ndizi, kalisikia. Kanitazama. Anaitazama tamthilia yule, najua. Nimeona aibu mpaka masikioni.

Jumatano, 19 Machi

Umeme umerudi saa nane mchana. Nikaweka. Nikakaa kama mtahiniwa.

Mama katulia. Nerimina kaingia na tabasamu lake. Kachemsha chai. Kamimina ile dawa. Nikamtazama Mama badala ya runinga, nione uso ukibadilika.

Ukabadilika. Ukang'aa! Akapiga makofi. "Mubi!" akasema. "Mubi chane!" Mbaya, mbaya sana, hilo hata mimi nalijua. Akaelekeza kidole kwa mtoto na kucheka kwa raha. Yule dada mpole alipoanguka, Mama akatikisa kichwa tu, kama mtu aliyeona mwanafunzi mvivu amefeli. Ghala lilipoungua akaniomba nirudishe nyuma aone tena.

Kisha akasema kwa Kiswahili chake, taratibu, ili nielewe: "Sasa jina ni hili kabisa. Mwanzo nilikuwa na wasiwasi. Niliona atakuwa mwema."

Nimeingia chumbani na mtoto nikafunga mlango. Nimekasirika. Nilidhani ananipenda. Mtu anayenipenda hawezi kumtakia mwanangu ubaya. Sijala alichopika.

Alhamisi, 20 Machi

Asubuhi Elias hakwenda kununua maharage. Alituweka sebuleni wote, yeye katikati, akatafsiri. Naandika nilivyosikia.

Mama alisema watoto wake wa kwanza wawili aliwapa majina mazuri. Mmoja jina lake lilikuwa la kumshukuru Mungu, mwingine la ua. Wote waliondoka kabla ya kutembea. Wa tatu ndiye Elias. Elias ni jina la kanisani na la shule. Jina alilopewa siku ya kuzaliwa ni Kabwa. Kijibwa. Hapo mume wangu alitazama sakafu. Miaka yote nasikia Mama akimwita hivyo, nikidhani ni jina la kudekeza.

Kwao, akasema, mtoto anayezaliwa baada ya msiba hapewi jina la kutamanisha. Anapewa jina baya. Kifo kinapita mlangoni, kinasikia kijibwa kinaitwa, kinasema hapa hakuna mtu, kinakwenda zake.

Akanigeukia mimi. Elias alikawia kutafsiri. Nikamwambia aseme.

"Anasema wa kwanza ulimwita Neema. Neema kila mtu anaitaka. Hata kifo."

 Kisha Mama akaongeza jambo kwa haraka, na Elias akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Anasema huyu aitwe jina la mwanamke anayetia sumu kwenye chai. Kifo kikija, kiogope kukaribishwa.

Nililia. Halafu nikacheka na mimi. Halafu nikalia tena.

Mimi siamini. Nafundisha Baiolojia. Najua Neema alikufa kwa nini, daktari alinieleza vizuri: mapafu. Lakini pia najua kwamba tangu huyu azaliwe sijamwita kitu chochote. Namwita wewe. Kila akilala naweka mkono kifuani pake nione kama unapanda. Hiyo nayo si Baiolojia.

Nimekula ugali wa jana na wa leo. Mama kapika vizuri.

Jumapili, 23 Machi

Kanisani. Mchungaji aliuliza jina mara mbili. Nadhani mke wake anaitazama tamthilia. Mama alikuwa amefungua mdomo, lakini nilimwahi. Nililisema mimi, kwa sauti ya kusikika mpaka kwaya.

Nerimina.

Kuna walioguna. Mama alinishika mkono mpaka tukatoka nje.

Jumatano, 26 Machi

Mvua nyepesi tangu asubuhi. Mama anarudi Nyabibuye wiki ijayo, kwa hiyo tunamalizia msimu wa pili bila haraka. Umeshuka kiwango. Wameingiza pacha wa Nerimina ambaye hakutajwa kokote. Waandishi wakiishiwa huleta pacha. C. Mama hakubaliani nami, anampenda pacha pia.

Mchana mwalimu mwenzangu wa Jiografia kaja kuniona, na sabuni na khanga. Kafunua shali, kamwangalia mtoto, kashika mdomo. "Jamani, mtoto mzuri huyu!"

"Mzuri wapi," nikasema, hata sikujua kama nitasema. "Mbaya huyu. Hebu ona pua. Mlafi, mkorofi, hafai kitu."

Mgeni kanishangaa. Huko jikoni Mama aliacha kutwanga, kisha akaendelea.

Nikamfunika Nerimina vizuri, upepo wa mvua ulikuwa unaingia.