Miezi Tatu ya "Malaria", na Kibanda ya Pompe

Mama Agnès, weye mwenye unajibiaka barua ya batu, naomba unisaidie mbele ya kufanya kijinga, juu sina mwengine wa kumuambia. Niko na miaka makumi tatu na nane, ninaishi Kasulo pekee yangu, na miaka kumi na ine sasa minaendeshaka grue ku usine moja, kiwanda ya shaba, hapa Kolwezi, ile mashini inatembea chini ya paa na kunyanyua shaba, na mu ekipe yetu mi tu njo mwanamuke, lakini tulikuwa tunakula bukari pamoja, tunachekana, na Sadrack, mwenye nilifundisha ile kazi, alikuwa ananiita yaya, sawa dada yake mukubwa.

Mwaka jana damu ikaanza kunitoka, haiishe, munganga akasema kizazi iko na bivimbe, inapasha kutoka. Bakanipasua, bakaitosha. Mama, sina mutoto. Bakanipatia miezi tatu ya kupumuzika, na haya ikanishika, nikaambia ekipe ni malaria.

Wakati nilirudia, hakuna mwenye alinisalimia muzuri. Sadrack akasema mbele ya bote: "Malaria ya miezi tatu, yaya? Na shiye tukafanya kazi yako?" Munganga wa kazi aliandika nisipande tena ngazi ya grue, basi shefu wetu, Tata Kalumba, akaniweka ku kibanda ya pompe, mashini ya kusukuma maji, kule ku ukuta, ninachunga saa ya presha. Asubui mpaka mangaribi sisikie sauti ya mutu. Siku moja nilijikuta minasemesha pompe. Na Tata Kalumba akaongeza: "Ulitoka, umerudia, ancienneté yako, ile miaka yako ya kazi, inaanza upya, sawa mutu wa leo. Mwisho wa mwezi utasaini kontra, mukataba mupya."

Sasa kuko infirmier moja, muuguzi, anaweza kuniandikia kwamba nimepona, nipande tena juu. Tumbo ingali inauma, lakini afazali tumbo iume kuliko ile kimya. Mama yangu iko Lubudi, kila siku ya Mungu anapiga simu: "Mujukuu wangu iko wapi?" Mi ninacheka tu.

Noëlla, Kasulo

Noëlla mwanangu, pole. Pole ya kizazi mbele ya yote, juu minaona hakuna hata mumoja mwenye alikuambia vile.

Sasa minakugombeza. Ile karatasi ya uongo ya infirmier, usiiguse. Siku tumbo itakukamata kule juu na shaba ikaanguka juu ya mutu, nani atakutetea? Batasema: yeye mwenyewe alileta karatasi kwamba amepona.

Ya Tata Kalumba pia, usisaini. Ugonjwa inasimamisha kazi, haivunje kontra. Mutu mwenye alilala ku lupitalo na karatasi ya munganga hakutoka ku kazi. Andika barua, uchunge kopi yenye muhuri, uipeleke kwa délégué wa syndicat, mwenye anatetea bafanyakazi. Kama shefu anakataa, muende pamoja kwa inspecteur wa kazi, ule wa serikali.

Na munganga aliandika usipande ngazi. Hakuandika ukae pekee yako! Muombe aandike wazi kazi yenye unaweza: kufundisha bapya toka chini, kuongoza na radio ule mwenye iko juu. Huombe huruma, unaomba kazi.

Shefu hana haki ya kujua nini ilitoka mu tumbo yako. Lakini weye njo ulisema malaria, na bale batu balibeba kazi yako miezi tatu na kuona unabadanganya. Usisimame mbele ya ekipe. Kamata Sadrack pembeni, umuambie: "Haikuwa malaria. Nilipasuliwa. Mengine ni yangu." Inatosha. Kisha hapo kama hakusalimie, haya ni yake.

Lakini mbele ya kuandika barua, mbele ya kusema na Sadrack, samedi hii, jumamosi, panda gari uende Lubudi. Usipige simu. Kaa karibu na mama yako, umuambie hakuna mujukuu, na juu ya nini. Atalia. Umuache alie, na weye ulie naye. Umelia vya kutosha pekee yako.